Bei Aliyoitaja Mike Rowe

Agosti 2003, Mike Rowe, mwanafunzi wa sekondari wa Victoria, Canada, alisajili jina la tovuti mikerowesoft.com, ambalo kwa Kiingereza husikika kama Microsoft, kwa kazi zake za kutengeneza tovuti. Wanasheria wa Microsoft wakamtaka awakabidhi jina hilo; alipoomba fidia, wakamtajia dola 10, yaani gharama ya kulisajili. Yeye akataja dola 10,000. Barua iliyofuata, ya kurasa 25, ilimtuhumu kwamba tangu awali alilenga kujipatia pesa zao.

Tuhuma hiyo ilikuwa na mashiko. Kwa kanuni za 1999 za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, kusajili jina hasa ili umuuzie mwenye alama ya biashara kwa zaidi ya gharama zako ni ushahidi wa nia mbaya. Kanuni hiyo ninaiunga mkono. Kesi ya kwanza kuamuliwa kwayo, Januari 2000, ilimhusu mkazi wa California aliyesajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akaitaka kampuni ya mieleka imlipe dola 1,000. Alinyang'anywa jina, na ilikuwa haki.

Lakini Rowe hakubisha hodi kwa mtu. Jina lilikuwa lake, kazi alikuwa nayo, na waliomfuata ni wao. Kumfuata mtu ukilitaka jina lake, kisha kuigeuza bei yake kuwa kosa, ni uonevu. Hata hivyo, mwenyewe alisema aliongeza "soft" kwa sababu aliona inachekesha, na kichekesho hicho hakipo bila Microsoft. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile dola 10,000 ilitokana na jina lililojengwa na wengine. Hapo kampuni ilikuwa na hoja.

Kilichokuwa chake kweli ni gharama ya kuhama: anwani mpya, kazi ya kuhamisha tovuti, wateja wasipotee njiani. Hayo yana risiti, na kanuni yenyewe inatambua gharama zinazohusu jina moja kwa moja. Tena kampuni ina sababu ya kuyalipa, maana leo kufungua shauri la jina la tovuti WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500 kabla ya wakili.

Januari 2004 walipatana karibu hivyohivyo. Microsoft ilichukua jina, ikalipia kuhama kwake, ikawaelekeza wageni kwenye tovuti yake mpya, na kumwongezea Xbox, mashine yake ya michezo. Lau angedai gharama hizo tu badala ya dola 10,000, wanasheria wasingepata bei ya kumshikia.