IPS (mfumo wa kuzuia mashambulizi ya mtandao) ikikamata shambulio, itupe pakiti (kifurushi kidogo cha data) au imfungie mtumaji?

Januari 25, 2003, mnyoo wa Slammer, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulisambaa duniani kwa pakiti moja ndogo ya UDP (njia ya kutuma data bila kwanza kuunganisha pande mbili), baiti 404 tu, iliyolenga poti 1434 kwenye seva za Microsoft SQL. Dakika kumi zilitosha kuzifikia nyingi ya seva zilizokuwa na udhaifu ambao mnyoo huo uliutumia. Mfumo uliokaa pembeni ukisoma nakala ya mawasiliano ulipiga kengele wakati pakiti imeshafika. Kumtumia mshambuliaji RST, ishara ya kuvunja mawasiliano, ili kukata muunganisho nako kusingefaa kitu, maana UDP haina muunganisho wa kukatwa. Hapo watetezi wa IPS iliyokaa njiani kabisa wana hoja nzito: pakiti chafu inatupwa kabla haijagusa seva.

Kutupa pakiti sina ugomvi nako. Tatizo linaanza IPS inaporuhusiwa kuifungia anwani yenyewe ya mtumaji, tena kwa saa nzima au zaidi. Wanaopenda hatua hiyo husema, na si uongo, kwamba mdukuzi ukimzuilia jaribio moja atakuja na jingine ambalo mfumo haulitambui. Heri kumtoa nje mapema.

Lakini anwani hiyo ni ya nani hasa? Kwenye UDP inaghushika kirahisi. Anayeijua tabia ya mfumo wako atakurushia pakiti chafu zinazoonekana zimetoka 8.8.8.8; ikiwa ndiyo DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) mnayoitegemea, IPS itaifungia na ofisi nzima itakosa kufungua tovuti. Kazi ya adui umemalizia mwenyewe. TCP, njia inayounganisha pande mbili kwanza, ni afadhali, kwa sababu mtumaji lazima akamilishe salamu za mwanzo, ila kuna jambo letu hapa Afrika Mashariki: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Simu moja yenye virusi ikiigonga tovuti ya benki, wanaofungiwa ni pamoja na mama anayetaka kuangalia salio lake tu.

Kwenye programu za IPS kama Snort au Suricata, tofauti ya kutoa taarifa na kuzuia ni neno la kwanza la kanuni: alert au drop. Kanuni mpya ningeiacha kwenye alert wiki kadhaa, nione inakamata nani. Kufungia anwani ningekubali kwa TCP iliyokamilika tu, kwa dakika chache, huku DNS na seva za washirika wa malipo zikiwa kwenye orodha ya wasioguswa.