Udongo wa Mrima: mionzi msituni, mionzi ukutani

Mjadala wa madini ya kilima cha Mrima, Kwale, Kenya, ukipamba moto, hofu ileile hurudi: udongo wa msitu ule una mionzi, basi wanaoishi kando yake wahamishwe. Hofu hiyo ina chanzo. Kilima kile ni kabonatiti (mwamba wa volkeno wenye kabonati nyingi) iliyomomonyoka kwa muda mrefu sana. Mvua iliyeyusha kabonati ikaenda nayo, yakabaki yasiyoyeyuka: niobiamu (metali ya kuimarishia chuma), madini adimu na thoriamu, metali yenye mionzi ya asili. Wastani wa dunia ni kama bekereli (kipimo cha mionzi) 45 za thoriamu kwa kilo ya udongo, na Mrima unaupita mbali.

Lakini kuwamo udongoni ni jambo moja, kumfikia mtu ni jingine. Thoriamu hung'ang'ania mfinyanzi na oksidi za chuma, mizizi huivuta kidogo mno. (Wa kuangaliwa zaidi ni radiamu, elementi nyingine yenye mionzi, maana mmea huichukua kama kalisi.) Gesi ya thoroni, itokayo kwenye thoriamu, nusu yake huisha kwa sekunde 56, hivyo nyingi hufia ardhini. Majani makavu nayo huzuia vumbi. Kwa anayepita msituni, kinachobaki hasa ni gama, miale inayopenya kutoka ardhini.

Na hesabu ya gama ndiyo inayopotoshwa. Tuchukue mahali penye nanogrei (kipimo cha gama hewani) 500 kwa saa, zaidi ya mara 8 ya wastani wa dunia wa 59. Ukizidisha kwa saa 8,760 za mwaka, kisha kwa 0.7 ya kugeuza kipimo cha hewani kuwa cha mwilini, unapata milisiverti (kipimo cha mionzi impatayo mtu) 3.1, kana kwamba mtu analala chini ya miti mwaka mzima. Tumia sehemu ya kawaida ya muda wa kuwa nje, 0.2 ya mwaka, inakuwa 0.61. Kisha watu huipima kwa kikomo cha milisiverti 1 kwa mwaka, kikomo kilichowekwa kwa mionzi inayoongezwa na shughuli za binadamu. Ya asili, kwa jumla, humpata mtu wa kawaida duniani milisiverti 2.4 kwa mwaka. Kule Karunagappally, Kerala, India, penye mchanga wa monazaiti (madini yenye thoriamu), watu karibu 70,000 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 10 na nusu. Matokeo ya 2009 hayakuonyesha saratani kuongezeka kwa sababu ya gama ya ardhini.

Wenye wasiwasi wana haki yao pale udongo unapohama. Ukichotwa ukakandikwa ukuta, nanogrei zile 500 huwa kama 700 ndani, na muda wa kuwa ndani ni 0.8 ya mwaka: milisiverti 3.4. Juu yake thoroni hutoka ukutani penyewe, karibu na kitanda. Lipu nzito na madirisha huipunguza. Mgodi nao huvunja mwamba, hutimua vumbi, na ukishatoa niobiamu huiacha thoriamu kwenye mabaki.

Basi vipimo vifanywe kabla ya koleo, kwenye kuta na visima pia. Sampuli ikaushwe kwa nyuzi 105, ichekechwe, ifungwe isivuje kwa wiki nne. Ukiihesabu siku hiyohiyo, radoni, gesi itokayo kwenye radiamu, inakuwa imetoroka na radiamu inasomeka pungufu. Ukipima thoriamu kwa mstari wa gama wa taliamu-208, zao la thoriamu, bila kugawanya kwa 0.36 (sehemu ya mnyumbuliko inayopitia kwake), utaripoti karibu theluthi moja tu ya iliyopo, na nyumba yenye tatizo itapewa cheti cha usalama.