Kalazwa au Yuko Chini ya Uangalizi? Ukaguzi wa Kitanda cha Usiku Mmoja

Tuseme wazee wawili wamefika hospitali moja huko Marekani, wote wakilalamikia maumivu ya kifua. Wa kwanza anaanza kuhudumiwa Jumanne saa nne usiku, anaruhusiwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Wa pili anaanza saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, anaruhusiwa Alhamisi saa nne usiku. Wa kwanza amekaa saa 35, wa pili saa 45. Wote wamebandikwa nyaya kifuani, wote wametolewa damu tena na tena. Lakini faili ambalo mkaguzi wa bima atalitilia shaka ni la huyu aliyekaa muda mrefu zaidi. Mwenzake alivuka saa sita ya usiku mara mbili, yeye mara moja tu.

Hiyo ndiyo kanuni ya usiku mbili ya Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa watu wa miaka 65 na kuendelea. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2013. Daktari akitarajia kwamba mgonjwa atahitaji huduma ya hospitali kupita usiku mbili, amlaze rasmi. Akiona haitafika huko, kwa kawaida amweke chini ya uangalizi, na hapo anahesabiwa mgonjwa wa nje hata kama amelala wodini.

Kisa chenyewe ni pesa. Kwa mgonjwa aliyelazwa, Medicare hulipa hospitali nyingi fungu moja kulingana na ugonjwa, bila kuhesabu siku. Akitoka kesho yake, fungu ni karibu lilelile. Mgonjwa wa nje hulipiwa kwa utaratibu mwingine, mara nyingi kwa bei ya chini. Basi kumwandika "amelazwa" mtu ambaye angeangaliwa saa chache tu ni kishawishi kikubwa, na si lazima awepo mwizi. Karani asiye makini anatosha. Mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alieleza mwaka 2016 kwamba katika mwaka wa fedha 2014 Medicare ililipa karibu dola bilioni 2.9 kwa kulazwa kwa muda mfupi ambako huenda hakukustahili.

Anayeona ukaguzi ni usumbufu wa makarani tu akumbuke fedha hizo zinatoka wapi. Kila mfanyakazi wa Marekani hukatwa asilimia 1.45 ya mshahara kwa ajili ya Medicare, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Wamo humo Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaowaogesha wazee usiku kucha kwenye nyumba za uuguzi. Kudai hesabu ya pesa hiyo ni haki yao.

Shida ilianzia kwa aliyepewa kazi ya kukagua. Kampuni za kurejesha malipo yaliyozidi zililipwa kwa kamisheni, takriban asilimia 9 hadi 12.5 ya kinachorudishwa. Ukimlipa mtu hivyo, atakwenda penye windo rahisi, na kulazwa kwa usiku mmoja kulikuwa windo rahisi kuliko yote: unatazama tarehe mbili, unaanza kuandika barua ya madai. Kweli, hospitali ikikata rufaa na kushinda, kampuni ilirudisha kamisheni yake. Lakini rufaa zenyewe zilirundikana hadi kupita 800,000, wakati sheria inataka uamuzi wa hakimu ndani ya siku 90. Mwaka 2014 serikali ikaamua kuzipa hospitali asilimia 68 ya fedha zilizokuwa zikibishaniwa ili ziondoe rufaa za aina hiyo. Mimi naona hapo ukaguzi ulikuwa umeshajikwaa wenyewe: aliyekosea na aliyeonewa walipewa bei moja.

Baya zaidi lilimpata mgonjwa. Hospitali zikiogopa kunyang'anywa malipo, ziliona ni salama zaidi kumwacha mtu chini ya uangalizi, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Nayo Medicare ya kawaida hailipii nyumba ya uuguzi ila mgonjwa awe amelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Bibi aliyevunjika nyonga akakaa wodini siku nne za "uangalizi" anatoka na bili ya uuguzi ailipe mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia. Sheria ya mwaka 2015 ililazimisha hospitali kumpa taarifa ya maandishi anayeangaliwa zaidi ya saa 24. Haki ya kukata rufaa, kwa wale waliolazwa kisha hospitali ikawabadilisha kuwa wa uangalizi, ilipatikana mahakamani mwaka 2022, na kanuni zake zikatoka Oktoba 2024.

Mabadiliko ya mwishoni mwa 2015 yalinyoosha mengi. Ukaguzi wa awali ulihamishiwa mashirika ya kusimamia ubora wa huduma yanayolipwa kwa mkataba, si kwa kamisheni, na daktari akaruhusiwa kumlaza mgonjwa hata kwa usiku mmoja iwapo faili linaeleza kwa nini. Kwangu faili ndilo jambo la msingi. "Maumivu ya kifua, alazwe" haisemi kitu. "Maumivu tangu magharibi, ana kisukari, aliwahi kuwekewa stenti, kipimo cha kwanza hakijaonyesha kitu, natarajia uchunguzi wa mishipa hadi kesho kutwa" inamwezesha mkaguzi kupima alichokijua daktari saa nane za usiku, badala ya kumhukumu kwa majibu mazuri yaliyokuja asubuhi. Madaktari watanung'unika kuhusu makaratasi, na si uongo, yanakula muda. Lakini sentensi mbili si mzigo.

Kenya imeanza kuonja hayohayo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayoendesha bima ya afya ya umma, ilianza kazi Oktoba 2024, na mwaka 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa vya afya. Miongoni mwa tuhuma ilikuwa kuwageuza wagonjwa wa nje kuwa wa kulazwa. Ila kuiga saa ya Wamarekani hakutafaa. Pale kulazwa kunapolipwa kwa siku, kishawishi hakiishii kumwandikia mtu usiku wa kwanza. Kinaendelea kumwongezea wa pili na wa tatu. Afadhali kulinganisha idadi ya madai na idadi ya vitanda, kisha kumpigia simu mgonjwa na kumuuliza kama kweli alilala pale.

Na kituo kikisimamishwa, wajawazito na wagonjwa wa figo waliokuwa wakikitegemea waelekezwe siku hiyohiyo pa kwenda, kwa gharama ya bima. Karani aliyeandika uongo si wao.