Alama 10 ya vyuo vya Marekani haina kosa, kosa ni la waamuzi wasiokata

Kila msimu wa jimnastiki ya wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani, Januari hadi Aprili, ugomvi ni ule ule: alama 10 zinagawiwa kama njugu. Wapo wanaotaka vyuo viachane kabisa na 10 na kufuata mfumo wa Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, ule tunaouona kwenye Olimpiki. Mimi naona hao wanakuna pasipowasha. Kanuni za vyuo zimeandikwa vizuri tu. Shida ni kwamba hazitumiki zote, na hesabu ya kufuzu inawapa watu wengi sababu ya kufurahi zisipotumika.

Kwanza tuelewane hiyo 10 inatoka wapi, maana wengi hudhani kila mtu anaanza nayo mfukoni. Kwenye vyuma (zile fito mbili za kuning'inia), boriti na sakafu, msichana aliyetimiza masharti yote ya msingi anaanzia 9.4. Ile 0.6 iliyobaki lazima aitafute mwenyewe kwa kuweka vipengele vigumu na kwa kuviunganisha bila kusimama katikati. Akishafika 10 ndipo waamuzi wanaanza kukata. Akiyumba juu ya boriti, ambayo upana wake ni sentimita 10 tu, anakatwa. Miguu ikiachana hewani anaweza kukatwa hadi 0.2, magoti yakikunjwa hadi 0.3, na akianguka ni 0.5. Kwenye vyuma, anapojirusha kusimama kwa mikono, mwili unatakiwa uwe ndani ya nyuzi 10 za mstari wima. Ukipita hapo, makato yanaanza na yanapanda kadiri anavyozidi kulala. Kwa kanuni hizi, 10 ya kweli ingekuwa jambo la nadra.

Mahali pa kuutazama ugonjwa vizuri ni kwenye meza ya kurukia. Karibu kila timu kubwa hutumia miruko ya jamii ya Yurchenko, iliyopewa jina la Natalia Yurchenko wa Umoja wa Kisovieti. Msichana anakimbia, anapiga gurudumu na kushukia ubao wa springi kwa miguu yote miwili, mgongo ukielekea meza. Anajirusha kinyumenyume, mikono inaigusa meza iliyo sentimita 125 kutoka chini, anaisukuma kwa mabega, kisha anapinduka hewani mwili ukiwa umenyooka. Akijizungusha mara moja kamili, anatua akiitazama meza, na macho yanaupata mkeka mapema. Akiongeza nusu, anatua ameipa meza mgongo. Mkeka hauoni mpaka miguu imekaribia kuugusa.

Hiyo nusu ndiyo inayotofautisha watu, na makosa yake huanzia mikononi. Mikono ikikaa mezani kwa muda mrefu, mabega yanavuka mstari wima kabla hajasukuma, na nguvu inayotakiwa kumpandisha inamsukuma mbele. Anaruka chini, anakosa muda, anakunja nyonga ili amalizie kupinduka, kifua kinatua kikiwa kimeinama na miguu inarukaruka kwenda mbele. Mwingine ana haraka ya kujizungusha, anaanza mikono ikiwa bado mezani. Huyo utamwona miguu inapishana au kuachana. Na hata aliyefanya yote sawasawa bado ana kazi ya kuganda anapotua, kwa sababu mwili unaoenda mbele bila kuona ardhi hutaka hatua moja ya kujishika.

Sasa hesabu. Hatua ndogo inaweza kukatwa hadi 0.1, hatua kubwa 0.2. Kifua kilichoinama kina makato yake, nyonga iliyokunjwa nayo ina yake, na kimo cha mruko vilevile. Mruko wenye kihatua kimoja, nyonga iliyokunjika kidogo na miguu iliyoachana kidogo, ukiufuata kitabu mstari kwa mstari, hauwezi kufika 9.9. Lakini washa televisheni Jumamosi ya Februari uone 9.90 na 9.925 zinavyotoka kwa miruko ya namna hiyo. Mwamuzi amekata hatua, kwa sababu hatua kila mtu ukumbini ameiona, na mengine yote ameyaacha yapite. Siku hiyo hiyo aliyeruka juu, akanyooka na kuganda anapata 9.95 au 9.975. Tofauti ya ubora ni kubwa, tofauti ya alama ni sehemu chache tu za mia.

Tiba moja ilishajaribiwa. Kuanzia msimu wa 2016, Yurchenko yenye mzunguko mmoja ilishushwa thamani ya kuanzia kutoka 10 hadi 9.95. Nia ilikuwa kuwalazimisha makocha watafute miruko migumu zaidi, na kweli ile yenye mzunguko mmoja na nusu ikaenea. Ila kushusha dari hakumfundishi mwamuzi kukata nyonga iliyokunjwa. Timu zilihamia mruko mgumu zaidi, zikahama na makosa yake, na alama zikabaki palepale. Nampa heshima aliyebuni badiliko lile, lakini lilifunga dirisha wakati mwizi anapita mlangoni.

Mlango wenyewe ni jinsi timu zinavyofuzu. Kila chuo huchukua alama zake sita bora za msimu, angalau tatu ziwe za ugenini, ya juu kabisa inatupwa, na tano zinazobaki ndizo zinazotoa wastani wa kupanga timu kitaifa. Timu 36 zinaingia mashindano ya kanda, nane zinakwenda fainali za kitaifa, na nne zinabaki siku ya mwisho. Kila kifaa wanapanda wasichana sita, zinahesabiwa alama tano. Kwa hiyo jumla ya timu ni maonyesho 20. Mwamuzi akiwa mkarimu kwa 0.05 tu kila onyesho, timu imepata alama nzima bila kufanya lolote. Linganisha na pengo la ubingwa: mwaka 2023 Oklahoma waliishinda Florida kwa 198.3875 dhidi ya 198.2375, yaani 0.15. Mwaka 2024 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walichukua taji lao la kwanza kwa 198.225, California wakiwa nyuma kwa 0.375. Ukarimu wa usiku mmoja ni mkubwa kuliko pengo la kwanza na wa pili. Nani atalalamika basi? Mwenyeji ameshangilia, mgeni naye kapewa alama nzuri ya ugenini, na kila upande unarudi nyumbani na namba ya kuweka kwenye wastani wake.

Kuna na suala la mpangilio wa kupanda. Makocha humweka dhaifu kwanza na bora mwisho. Mwamuzi anajua hivyo, kwa hiyo anambana kidogo wa kwanza ili abaki na nafasi ya juu kwa wa sita. Ikifika zamu ya wa sita, 9.95 imeshatolewa kwa wa tano, na akitua bila kuyumba sana hakuna pa kwenda isipokuwa 10. Sijui mchezo mwingine ambao nafasi ya kwenye foleni inalipa kiasi hiki.

Kitu kimoja hakijawahi kulegezwa: kuanguka. Oklahoma waliingia nusu fainali ya 2024 wakiwa namba moja nchini, wakaanzia kwenye meza, na makosa makubwa zaidi ya moja yakawatoa. Alama moja unaweza kuitupa, ya pili inahesabiwa. Hili linaonyesha waamuzi wanaweza kukata wanapotaka. Kinachokosekana ni yale makato yaliyo kati ya aliyesimama na aliyeanguka.

Kwa nini basi nisiungane na wanaotaka mfumo wa FIG? Mfumo huo ulianza 2006, baada ya Olimpiki ya Athens 2004, ambako Yang Tae-young wa Korea Kusini alipewa thamani ya kuanzia 9.9 badala ya 10 na dhahabu ikaenda kwa Paul Hamm wa Marekani. Ugumu ukatenganishwa na utekelezaji, na ugumu hauna kikomo. Una faida yake: Kaylia Nemour wa Algeria aliposhinda vyuma Paris 2024 kwa 15.700, ungeweza kuona wazi kwamba 7.2 ni ugumu na 8.5 ni utekelezaji. Lakini onyesho la 7.2 ni mwili unaoandaliwa kwa mashindano machache ya mwaka. Msichana wa chuo anapanda karibu kila wiki kwa miezi mitatu na zaidi, huku ana mitihani. Ukimlipa kwa ugumu usio na kikomo, utamjaza vipengele ambavyo vifundo na magoti yake hayatavibeba hadi Aprili. Ugumu wenye dari ndio sababu Wamarekani Jordan Chiles na Leanne Wong wameweza kupita chuoni na bado wakabaki wa kiwango cha dunia. Wong alimaliza misimu yake Florida kisha akachukua medali ya fedha ya mashindano ya dunia huko Jakarta mwaka 2025. Na mambo ya FIG nayo hayakosi vituko: shaba ya sakafu ya Paris iligombewa mahakamani kwa sababu ya rufaa iliyosemekana kuchelewa sekunde nne.

Ipo pia hoja ya fedha, ambayo watetezi wa ukarimu hawaitamki kwa sauti. Tangu suluhu ya kesi ya House, ile ya wanamichezo wa vyuo waliodai malipo, ilipoidhinishwa Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kugawia wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inaelekea kwenye soka la Kimarekani na kikapu. Jimnastiki imewekewa ukomo wa wachezaji 20 kwa timu, na kila idara inapigania kuonekana ina watazamaji. Alama 10 inajaza ukumbi na inasambaa mitandaoni. Naielewa hofu hiyo. Fisk, chuo cha kwanza cha kihistoria cha Wamarekani Weusi kuwa na timu ya jimnastiki, kilianza kushindana 2023, kikampata Morgan Price aliyepiga 10 kwenye vyuma mwaka 2025, na bado kikatangaza kuifunga timu baada ya msimu wa 2026. Kwa hiyo hata 10 halali haikutosha kuiokoa timu. Zile za bure zinamshushia thamani aliyeitolea jasho.

Ningeanza na idadi ya waamuzi. Mashindano mengi ya kawaida yana wawili kwa kila kifaa, na wastani wa alama zao ndio matokeo. Mmoja akikosea, nusu ya kosa lake inaingia moja kwa moja. Fainali za kitaifa zina sita, ya juu na ya chini zinatupwa. Wawekwe wanne kwa kila shindano linaloonyeshwa na televisheni, kwa utaratibu huo wa kutupa, na wakae pande tofauti za kifaa: aliyekaa ubavuni mwa mkeka anaona kifua na hatua, anayetazama mruko kwa mbele anaona miguu iliyoachana. Gharama itaongezeka, ndiyo, kwa posho na nauli za watu wanane zaidi kwa usiku.

Halafu makato yachapishwe. Si maelezo marefu, ni orodha tu: hatua 0.1, nyonga 0.1, miguu 0.05. Mwamuzi anayejua kocha, mzazi na shabiki watausoma mstari wake kesho asubuhi hataiacha nyonga ipite, na pia atalindwa anapotoa 9.75 kwa nyota mbele ya ukumbi unaozomea. Mwisho, kwenye hesabu ya kufuzu, alama za ugenini ziwe nne kati ya sita badala ya tatu.