Hakukataliwa India, alikataliwa huku huku

Juzi msibani Newala nimeyasikia tena yale maneno, eti binamu yangu kanyimwa moyo wa kupandikizwa kule India sababu sisi maskini. Nikanyamaza kwa heshima ya wafiwa, ila moyoni yamenikaa.

Jamani, nilikuwa nae Dar siku wanaandaa faili lake la kwenda India. Walimpitisha mrija kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo wapime presha ya mapafu. Kwa mtu mzima ile namba ya juu haizidi 30 hivi, yake ikasoma 72. Wakampa dawa ya kulegeza mishipa, tukakodolea macho ile skrini, ikashuka mpaka 68 ikagoma. Daktari akanichorea nyuma ya karatasi ya risiti, moyo wa mtu mwingine umezoea kusukuma damu kwenye mapafu laini, ukiuweka hapa upande wa kulia unaelemewa, anafia chumba cha upasuaji au siku chache baadae, na ule moyo kuna mwingine ungemponya. Ile risiti ninayo mpaka leo.

Sasa niulizeni 72 ilitoka wapi. Moyo umetanuka, upande wa kushoto hausukumi, damu inarudi kujaa kwenye mapafu siku nenda siku rudi mpaka mishipa inakakamaa. Na miaka miwili mizima kijana wa miaka 34 anatibiwa PUMU! Zahanati wanampa pampu ya kuvuta, anarudi nyumbani analalia mito mitatu, usiku wa manane yuko dirishani anatafuta pumzi, mguu ukiubonyeza kidole kinaacha shimo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kapige eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kaja kuipiga mnada wa korosho ulipolipa.

Hela ni kikwazo, sikatai, na India wageni wanakaa nyuma ya wenyeji kwenye foleni ya moyo, hilo nalo linauma. Ila hata tungekuwa na mabilioni ile 72 ingebaki 72.

Nawaomba wahudumu wa zahanati, kuanzia Tandahimba mpaka Nanyumbu, mtu asiyeweza kulala chali na miguu imevimba mpeni rufaa wiki hiyo hiyo. Moyo ukiwahiwa dawa zipo, na wengi hawafiki hata huko kwenye kupandikizwa.

Ugonjwa huu saa nyingine unatembea kwenye ukoo. Mdogo wake nae kaanza kuhema akipanda kile kilima cha kisimani, mama mdogo anasema ni vumbi. Jumatatu nampeleka Mtwara mjini akapige eko, korosho zitatukuta tumesharudi.