Usonji si tusi la kumrushia shabiki mwenzako

Hii habari ya Lucy Bronze, beki wa timu ya soka ya wanawake ya Uingereza aliyesema hadharani mwaka 2025 kwamba ana usonji (autism, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu aelewe mambo na kuwasiliana kwa namna tofauti), imenigusa sana. Mashabiki wengine wanasema "mbona yuko kawaida tu", wengine wanadai basi lazima awe na akili za ajabu. Jamani, usonji hauna sura! Huyu aligundulika mwaka 2021, akiwa mtu mzima ambaye tayari ameshachukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara tatu na klabu ya Lyon ya Ufaransa.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 15, naye ana usonji. Kila mechi anaandika vikosi kwenye daftari, kadi za njano na nyekundu kwa kalamu za rangi zake. Alipoingia kundi la WhatsApp la mashabiki wa timu yake alifurahi mno. Siku moja mtu akaandika, "Leo refa tunamuua." Kijana akajibu kwa uzito wote kwamba kuua ni kosa, watafungwa. Wakamcheka, mmoja akauliza, "Huyu ana usonji nini?" Tangu hapo, mshambuliaji akikosa goli wanasema ana usonji.

Akanijia na simu mkononi: "Mjomba, kwani usonji ni tusi?"

Nyie maadmini, anayelitumia neno hilo kutukana mtoeni, kama mnavyomtoa anayemtukania mtu mama yake. Kijana wangu alijitoa. Vikosi bado anaviandika, ila siku hizi ananitumia mimi peke yangu.