Tovuti ipimwe kwenye simu ya mteja, si kwenye ukuta wa ofisi

Tovuti nyingi hapa Dar es Salaam hupitishwa kwa namna moja. Wakubwa wanakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, aliyeitengeneza anaunganisha kompyuta yake na projekta, ukurasa wa mwanzo unajaa ukutani, picha ya Daraja la Tanzanite inapita taratibu, kisha mmoja anauliza kama ile bluu inaweza kukolezwa kidogo. Inakolezwa. Tovuti imepita, na katika kikao chote hakuna aliyejaribu kutafuta kitu ndani yake.

Mimi kipimo changu ni kimoja: mtu aliyekuja na shida yake ameondoka nayo imeisha, kwa simu aliyonayo na bando alilonalo? Kama ndiyo, tovuti ni nzuri. Kama hapana, ni mbovu, hata kama imepata tuzo.

Na mtu huyo tunamjua. Yuko kituo cha mwendokasi Kimara, simu yake ya Tecno au itel ina ufa kwenye kioo, bando la wiki linaelekea kuisha, na anachotaka ni kitu kidogo tu: kliniki inafungwa saa ngapi, ada ya muhula ni kiasi gani, ofisi iko mtaa gani.

Uzito wa ukurasa ndio unaomuumiza kuliko yote, na ndio usioonekana kwenye projekta. Ofisini kuna intaneti ya faiba, kwa hiyo ukurasa wa MB 8 unafunguka kufumba na kufumbua. Mpe ukurasa uleule mtu aliye mahali ambapo mtandao unampa megabiti 1 kwa sekunde, jioni, watu wote wakiwa hewani. MB 8 ni megabiti 64, maana baiti moja ni biti nane. Atakaa sekunde 64, zaidi ya dakika nzima, akitazama kiduara kinazunguka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark ambaye wasanifu wa tovuti wanamsoma hadi leo, aliandika mwaka 1993 kuhusu mipaka mitatu ya muda. Kitu kikijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anaona kimejibu papo hapo. Kikichukua sekunde 1, mawazo yake bado hayajakatika. Kikifika sekunde 10, akili yake imeshahamia kwingine. Aliyaandika hayo kabla ya simu janja, na bado yanasimama, kwa sababu yanahusu akili ya binadamu, si kasi ya mashine.

Kinacholeta uzito huo mara nyingi ni uvivu mdogo tu. Picha imetoka kwenye kamera ikiwa na upana wa pikseli 6000, ikawekwa vilevile ilivyo, wakati skrini nyingi za simu za bei nafuu zina upana wa pikseli 720. Picha hiyohiyo ikipunguzwa na kuhifadhiwa kwa WebP, mfumo wa picha nyepesi ambao Google waliutoa mwaka 2010, inaweza kushuka hadi kilobaiti mia moja na ushee, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Ni kazi ya dakika mbili. Ubaya zaidi ni video inayoanza kucheza yenyewe nyuma ya maandishi. Mwenye tovuti anaona imependeza, lakini bando linalokatwa ni la mgeni wake, na hakuulizwa.

Baada ya uzito ni fomu. Mwaka jana nilikaa na mama mdogo kwake Mbagala akijisajili kwenye huduma moja ambayo sitaitaja. Jina likapita. Tarehe ya kuzaliwa ikafungua kalenda ya mwezi ule tuliokuwa nao, na kishale cha kurudi nyuma mwezi mmoja kwa kila bonyezo. Mama mdogo amezaliwa 1968. Piga hesabu: ni mabonyezo zaidi ya mia sita. Njia ya mkato ilikuwepo, ukigusa mwaka ulioandikwa juu ya kalenda, ila hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha kwamba panaguswa. Visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka vingemaliza kazi kwa sekunde chache.

Ikaja namba ya simu. Aliiandika kama sote tunavyoiandika, kwa kuanzia na sifuri. Ikakataliwa kwa maandishi mekundu ya Kiingereza yasiyosema kosa ni lipi. Tukajaribu hivi na vile mpaka tukagundua kwamba inataka 255 mbele bila alama ya kujumlisha. Kompyuta ina uwezo wa kuiondoa hiyo sifuri na kuweka 255 yenyewe, ni mstari mmoja wa programu, lakini mzigo akabebeshwa mama mdogo. Mwisho kabisa kulikuwa na postikodi, yenye kinyota cha lazima. Najua Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilitupa namba za nyumba na vibao vya mitaa, na ilikuwa kazi nzuri. Ila huduma ile haikuwa na barua wala kifurushi cha kumletea, sasa postikodi ya nini? Akaiacha wazi, akabonyeza tuma, ukurasa ukajipakia upya, na kila alichokuwa ameandika kikafutika.

“Mwanangu, basi. Kesho nitakwenda mwenyewe hukohuko ofisini kwao.”

Akaenda, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, akakaa foleni asubuhi nzima. Huko ofisini, bila shaka, takwimu zao zinaonyesha mgeni mmoja ameitembelea tovuti.

Kuna tabia nyingine ambayo ni yetu kabisa, na nadhani ingefaa ikomeshwe kwanza kwa kuwa kuiacha ni bure. Tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, linachapwa, mkubwa anasaini, linapigwa mhuri, kisha linaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti kama PDF. Yaani maandishi yaliyokuwa maandishi yamegeuzwa picha. Kwenye simu karatasi ya A4 inasinyaa, herufi zinakuwa kama sisimizi, unavuta kwa vidole viwili, unasoma nusu mstari, unasukuma kulia, unarudi kushoto. Huwezi kutafuta jina la mwanao kwenye orodha ya waliochaguliwa, inabidi uyapitie yote kwa macho. Huwezi kunakili namba ya akaunti, kwa hiyo unaikariri tarakimu tatu tatu na kuomba Mungu usikosee unapotuma hela. Na kwa asiyeona, anayetumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, hapo pana picha bubu: hakuna herufi hata moja ya kusomwa. Wanaotaka mhuri waendelee kuuweka, mhuri una heshima yake. Lakini maneno yaleyale yawekwe pia kwenye ukurasa wenyewe, kama maandishi. Tayari yapo kwenye kompyuta ya katibu muhtasi.

Rangi sitazikalia sana. Wasanifu wengi wanapenda herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumiwe na watu wote, hata wasioona vizuri, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999, kama wasanifu wanavyokiandika kwa namba yake ya rangi, juu ya nyeupe hakifiki hata 3 kwa 1. Toka nacho nje saa saba mchana, simama juani pale Feri ukisubiri pantoni, halafu uniambie umesoma nini.

Kuna wanaonijibu kwamba uzuri nao ni kazi, kwamba tovuti yenye sura mbaya haiaminiki. Ni kweli, na sipingi. Lakini uzuri una hatari yake, na hatari hiyo imepimwa. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Hitachi nchini Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu mipangilio mbalimbali ya skrini ya mashine ya kutolea pesa. Yaliyopendeza macho ndiyo watu waliyoyaona kuwa rahisi kutumia, kwa kiwango kilichopita urahisi wenyewe. Macho yakishapendezwa, yanasamehe makosa. Ndiyo maana sikiamini kile kikao cha projekta. Wale waliomo si watu wabaya, wamepewa kitu cha kutazama, nao wametazama.

Na uzuri si lazima uwe madoido. Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, ilichukua tuzo kuu ya mwaka 2013 ya Design Museum ya London ikiwa na herufi nyeusi, ukurasa mweupe na sehemu ya kutafutia. Waliotoa tuzo hiyo wangeweza kuchagua jengo au gari. Ukiifungua utaelewa: kodi ya gari iko hapa, pasipoti iko hapa, na maelezo yameandikwa kwa lugha ambayo raia wa kawaida wa huko anaizungumza. Sisi bado tuna ofisi zinazohudumia watu wa Temeke na Gongo la Mboto kwa tovuti ambayo Kiswahili chake kinaishia kwenye menyu, na maduka ambayo ukurasa wa bidhaa una kila kitu isipokuwa bei.

Kwa wanaolipia tovuti, ombi langu ni hili. Kwenye mkataba andikeni kwamba ukurasa wa mwanzo usizidi MB 1, na kwamba awamu ya mwisho ya malipo haitoki mpaka jaribio lifanyike. Jaribio lenyewe ni hivi: chukueni simu ya bei nafuu, zimeni Wi-Fi, mpeni mtu asiye wa ofisi yenu, mwambieni atafute kitu kimoja ambacho wateja wenu hupiga simu kukiulizia. Kisha kaeni kimya. Akiuliza “nibonyeze wapi?”, msimjibu, andikeni pale alipokwama. Nielsen huyohuyo alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo, na baada ya kurekebisha mnawaita wengine 5. Hapo Kariakoo watano unawapata kabla ya saa sita mchana. Wapeni nauli na hela ya chakula, halafu mumwonyeshe fundi wenu karatasi ya mahali walipokwama kabla hajagusa rangi yoyote.